Wasomaji Wauliza: Mshumaa Usiowekwa Mezani

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi zimekutana, bila mtu kuzipanga, kwenye jambo moja: mshumaa. Wengine wanauliza habari za mshumaa wa kibiriti unaouzwa kwa ajili ya kunguni, wengine wanauliza habari za nta, na mmoja anataka kujua kwa nini pikipiki yake ina mshumaa ndani ya injini. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha.

*

*Ndugu Mhariri, nyumba yetu ya mbao hapa Majengo imejaa kunguni. Nimemwaga maji ya moto, nimepaka mafuta ya taa kwenye mbao, wapi! Kijana mmoja sokoni Virunga ameniuzia kopo dogo lenye kitu kigumu cha rangi ya njano, na katikati kuna utambi. Anasema ni mshumaa wa kibiriti, niuwashe chumbani usiku tukiwa tumelala, na asubuhi nitakuta kunguni wote wamekufa. Nina watoto watatu, na wa mwisho ana pumu. Je, niuwashe? (Mama wa Majengo, Goma)*

Mama, usiuwashe, na usiuache mahali ambapo mtoto anaweza kuufikia. Nimetanguliza jibu kabla ya maelezo kwa sababu barua yako ina maneno mawili yaliyonishtua, nayo ni "tukiwa tumelala". Aliyekuuzia ama hajui anachokiuza, ama anajua na hajali.

Kitu hicho kina umbo la mshumaa, lakini hakikutengenezwa ili kuangaza. Mshumaa wa kawaida ni mafuta yaliyogandishwa: joto la moto huyayeyusha, utambi huyanyonya, yakifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoungua na kutupa mwanga. Ndani ya kopo lako kilichomo ni salfa, yaani lile jiwe la njano ambalo Waarabu huliita *kibrit*, na ambalo jina lake lilihamia baadaye kwenye kijisanduku cha njiti za kuwashia moto. (Kama kuna msomaji wa Biblia aliyekuwa akidhani kwamba Sodoma na Gomora ziliangukiwa na njiti, sasa ameelewa.) Salfa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi za Selsiasi. Ikiendelea kupata joto hushika moto na kuungua kwa ndimi ndogo za buluu ambazo mchana ni vigumu hata kuziona, na kila gramu moja inayoungua hujiunga na oksijeni ya hewa ikawa gramu mbili za gesi iitwayo dioksidi ya salfa. Gesi hiyo ndiyo iliyokusudiwa, na moto ni njia tu ya kuitengeneza.

Watu wa Goma hawahitaji kusimuliwa harufu yake. Siku upepo unapoushusha moshi wa Nyiragongo hadi mjini, koo likawasha na macho yakatoa machozi, gesi inayotusumbua ni hiyohiyo, na ni mojawapo ya gesi ambazo wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma, OVG, huzipima ili kujua hali ya mlima. Tofauti ni kwamba moshi wa mlima hutoka kwenye kilele chenye urefu wa mita 3,470 na kusafiri kilomita nyingi ukichanganyika na hewa kabla ya kutufikia, ilhali moshi wa kopo unazaliwa kando ya kitanda, madirisha yakiwa yamefungwa.

Tufanye hesabu, kwa kuwa katika jambo hili hesabu inasema zaidi ya onyo. Chukulia kwamba kopo lina gramu 100 za salfa, na chumba chenu kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu, yaani mita za ujazo 30. Salfa yote ikiungua itatoa gramu 200 za gesi, ambazo kwa mwinuko wa mji wetu wa mita 1,500 hivi zitajaza takriban lita 90. Lita 90 ndani ya lita 30,000 za hewa ni sehemu 3,000 katika kila milioni. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba sehemu 100 katika milioni zinatosha kuhatarisha uhai wa mtu mzima papo hapo, na mtu mwenye pumu huanza kubanwa kifua hata kabla ya gesi kufikia sehemu 1 katika milioni. Hata kama mbao zenu zina nyufa na theluthi mbili ya gesi ikatoroka, kinachobaki ni mara kumi ya kile kiwango cha hatari. Zaidi ya hayo, gesi hii ni nzito kuliko hewa, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hutulia chini, na chini ndiko walikolala watoto kwenye mkeka.

Sitaki kusema kwamba mshumaa wa kibiriti ni ulaghai mtupu. Katika karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, ulikuwa chombo cha heshima: mgonjwa wa ndui au homa nyekundu akishatolewa chumbani, maofisa wa afya walikuja na salfa yao. Lakini tazama jinsi walivyofanya. Walibandika karatasi kwenye kila ufa wa dirisha na mlango, wakaweka chungu cha salfa ndani ya beseni la maji ili salfa iliyoyeyuka isimwagike sakafuni na kuwasha nyumba, wakapima ratili 3 hadi 5 za salfa kwa kila futi za ujazo 1,000, wakawasha, wakatoka mbio, wakafunga mlango, na hakuna aliyeingia kabla ya kesho yake. Hata hivyo, mwaka 1881 Robert Koch na wenzake mjini Berlin walijaribu kemikali za kuulia vijidudu moja baada ya nyingine, na gesi ya salfa ikaonekana dhaifu, hasa mbele ya mbegu za vijidudu vyenye ganda gumu. Dhidi ya wadudu na panya iliendelea kusifiwa kwa miaka mingi baadaye, na mwanzoni mwa karne ya 20 meli zilikuwa zikifukizwa kwa gesi hiyo bandarini ili kuua panya waliobeba tauni. Ngama ya meli, hata hivyo, ni chuma kilichofungwa kila upande. Nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya lava ya 2002 ni kapu.

Ndiyo maana hata ukihama na watoto kwa siku nzima, bado singekushauri uuwashe. Gesi itapita kwenye nyufa na kumfikia jirani ambaye hukumwambia kitu, naye huenda ana mtoto mchanga. Kunguni waliojificha ndani kabisa ya ufa wa ubao watapata gesi kidogo, na mayai yao yatasalimika. Ikikutana na unyevu, gesi hugeuka asidi, ndiyo hiyo inayokula misumari, mabati na sufuria, na kupausha rangi ya vitenge vilivyotundikwa ukutani. Juu ya yote kuna moto wenyewe. Umeniambia kwamba umepaka mafuta ya taa kwenye mbao, nami nakusihi usipake tena, kwa kuwa katika mitaa yetu, ambako nyumba zimeegemeana bega kwa bega, mshumaa mmoja ulioanguka umekwisha kuteketeza safu nzima za nyumba, na mbao zilizolowa mafuta ya taa hazihitaji kubembelezwa.

Kinachowaua kunguni kwa hakika, pamoja na mayai yao, ni joto linalozidi nyuzi 50. Ulianza vizuri na maji ya moto, ila nadhani uliishia juu juu. Kifungue kitanda vipande vipande, ukitoe nje, ukimwagie maji yanayochemka kwenye kila tundu la msumari na kila kiungio. Nguo na mashuka yachemshe. Godoro likague kwenye mishono, kwa kuwa huko ndiko wanakotagia, na kama limechakaa sana ni heri ulitoe kuliko kulitibu. Nyufa za mbao zilizo karibu na kitanda zizibe kwa udongo au gundi. Rudia kazi yote baada ya siku kumi hivi, kisha tena, kwa kuwa mayai uliyoyakosa yatakuwa yameanguliwa. Najua kwamba jirani mwenye kunguni atawarudishia wote, kwa hiyo zungumza na wenzako wa upande wa pili wa ukuta mfanye siku moja. Kopo usilitupe chooni wala kwenye taka zinazochomwa. Lifunge, liweke nje pakavu mbali na makala (makaa ya jikoni), ulipeleke kwenye ofisi ya zoni ya afya na kuwaeleza lilikotoka.

Na kama kuna msomaji aliyekwisha kuuwasha: tokeni wote nje mara moja, acheni milango wazi, osheni macho kwa maji safi mengi, na mtu yeyote anayekohoa au kubanwa afike hospitali siku hiyohiyo hata akidai kwamba amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

*

*Mhariri, kwetu Katuba tunaona malori yakipita yamebeba unga na mawe ya njano, na mengine humwagika barabarani. Vijana wanaokota na kusema watatengeneza mishumaa ya kufukuza nyoka. Je, hiyo ndiyo salfa? Na migodi inaifanyia nini? (Papa wa Katuba, Lubumbashi)*

Ndiyo hiyo, Papa. Madini ya shaba na kobalti ya Katanga yaliyo karibu na uso wa ardhi huyeyushwa kwa asidi ya salfa, na viwanda vingi hujitengenezea asidi hiyo kwa kuunguza salfa inayoletwa kutoka nje ya nchi. Kwa hesabu ya kemia tani moja ya salfa hutoa tani tatu hivi za asidi, kwa hiyo ni nafuu kusafirisha jiwe kavu kuliko kusafirisha asidi yenyewe kwenye barabara zetu. Kwa maneno mengine, kiwanda cha asidi ni mshumaa wa kibiriti mkubwa kupita kiasi, isipokuwa gesi yake inakamatwa ndani ya mabomba badala ya kuachwa iingie kifuani mwa mtu.

Waambie vijana waache. Nyoka hamkimbii mtu kwa sababu ya unga wa njano uliowekwa kizingitini, imani ambayo nimeikuta kila mahali nilipopita, na salfa iliyosagwa ni vumbi linaloweza kulipuka likitimka hewani karibu na moto. Anayeyeyusha salfa kwenye mbabula, yaani jiko la makala, yuko umbali wa kusahau kidogo tu kabla haijashika moto mbele ya uso wake.

*

*Mimi ni mfugaji wa nyuki karibu na Bagira. Masega matupu ninayohifadhi kwa ajili ya msimu ujao yanaliwa na nondo. Mzee mmoja aliniambia kwamba wamisionari walikuwa wakifukiza masega kwa mshumaa wa kibiriti. Je, ni kweli, na inafaa? Pia nina nta nyingi na ningependa kutengeneza mishumaa. (Mfugaji nyuki, Bukavu)*

Barua hii imenifurahisha, kwa kuwa hapa hatimaye mshumaa wa kibiriti unapata kazi inayoufaa, ingawa kwa masharti.

Mzee wako amesema kweli. Nondo wa nta hutaga kwenye masega yaliyohifadhiwa, viwavi wake hutoboa njia ndani ya nta na kuacha utando kama wa buibui, na wafugaji wa nchi nyingi wamezoea kufukiza akiba yao kwa salfa. Masanduku ya masega hupangwa nje ya nyumba, moja juu ya jingine, na sanduku tupu huwekwa juu kabisa. Salfa huwashwa ndani ya kopo la chuma lililosimama imara katika sanduku hilo la juu. Sababu ya kuiweka juu unaijua kutokana na jibu nililompa Mama wa Majengo: gesi ni nzito, itashuka yenyewe kupitia masega yote hadi la mwisho. Mwenye kuwasha hufunika, huondoka upande unakotoka upepo, na harudi siku hiyo.

Masharti ni haya. Gesi huua nondo na viwavi lakini huyaacha mayai, kwa hiyo kazi hurudiwa baada ya wiki mbili hivi, na tena baadaye. Masega yenye asali au chavua yasifukizwe kabisa, kwa sababu asali huinyonya gesi hiyo na kuharibika ladha. Kabla ya kuyarudisha kwenye mizinga, yaanikwe mahali penye hewa hadi harufu iishe yote, la sivyo utayaua makundi uliyokusudia kuyalisha. Masega yaliyotundikwa kwa nafasi mahali penye mwanga, upepo na baridi hayapendwi na nondo hata bila moshi wowote, na baridi ya milima ya kwenu ni mali. Ningeanza na hiyo.

(Historia ya salfa na nyuki ina upande wa kusikitisha. Huko Ulaya, kabla ya mizinga yenye fremu kuenea katika karne ya 19, mfugaji aliyetaka asali ya mzinga wa kapu alichimba shimo, akawasha tambi za salfa ndani yake, akaweka mzinga juu, na nyuki wote wakafa. Babu zetu waliotumia moshi wa majani wakawaacha nyuki hai walikuwa na uungwana zaidi.)

Sasa nta. Neno "mshumaa" lenyewe limetokana na *sham'* la Kiarabu, yaani nta, kwa hiyo unachotaka kukitengeneza ndicho mshumaa wenye haki kamili ya jina lake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, chini sana ya maji yanayochemka. Ndiyo sababu usiiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya makala. Weka chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji, na maji ndiyo yakae motoni. Nta iliyopata joto kupita kiasi hubadilika rangi, kisha hutoa moshi, kisha huwaka. Ikiwaka, ifunike kwa kifuniko na kamwe usiimwagie maji, kwa sababu maji yatachemka papo hapo ndani ya nta na kuurusha moto hadi darini. Chuja kwa kitambaa cha pamba, na nta ikiwa bado chafu iyeyushe tena pamoja na maji, uiache igande taratibu, kisha kwangua takataka zilizotulia upande wa chini.

Wengi hushindwa kwenye utambi. Uzi mnene mno hutoa masizi na moto mrefu unaochezacheza, na mwembamba mno huzama katika nta iliyoyeyuka na kuzimika. Tumia pamba iliyosukwa badala ya iliyosokotwa. Utambi wa kusukwa ulivumbuliwa Ufaransa na Cambacérès mwaka 1825, na ubora wake ni kwamba unapoungua hupinda pembeni hadi ncha yake itoke nje ya moto na kuteketea kabisa. Kabla ya hapo, kila nyumba yenye mishumaa ilihitaji mtu wa kukata tambi kila baada ya dakika chache. Jaribu unene wa namna tatu katika mishumaa mitatu ya ukubwa mmoja, iwashe pamoja jioni moja, na mshumaa utakaokuwa na kidimbwi cha nta kinachokaribia ukingo bila kuuvuka ndio utakaokuonyesha utambi wa kununua.

Usijaribu kushindana na mishumaa myeupe ya dukani kwa bei. Hiyo ni parafini, zao la mafuta ya petroli lililoanza kuuzwa kwa wingi katikati ya karne ya 19, mara nyingi ikiwa imechanganywa na stearini, ile mali iliyotokana na utafiti wa Mfaransa Chevreul juu ya mafuta ya wanyama. Kwa giza la kukatika kwa umeme, parafini inatosha. Soko lako ni parokia. Kanisa Katoliki limeithamini nta ya nyuki tangu zamani; mishumaa hubarikiwa tarehe 2 Februari, na usiku wa Pasaka huwashwa ule mshumaa mkubwa wenye Alfa na Omega, tarakimu za mwaka, na chembe tano za ubani zinazowakilisha majeraha ya Kristo. Zungumza na paroko kabla ya Kwaresima, si baada yake.

*

*Tunachimba shimo la choo huko Kyeshero. Wachimbaji wanashusha mshumaa kwa kamba, ukiendelea kuwaka wanaingia. Wanasema hivyo ndivyo mazuku hupimwa. Je, ni salama? (Mwenye kiwanja, Goma)*

Si salama, ingawa desturi hiyo ina mantiki yake, na wachimbaji wa visima na wa makaa ya mawe wa nchi nyingine waliifuata kwa muda mrefu. Mazuku, ambayo wanasayansi wa dunia nzima wameipokea kwa jina hilohilo la Kiswahili, ni dimbwi la dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini na kutulia mabondeni, kwa kuwa nayo ni nzito kuliko hewa. Mshumaa ukizimika, basi hapo pana kifo, na hakuna la kujadili. Tatizo ni mshumaa usiozimika. Moto unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari ina dioksidi ya kaboni ya kutosha kumlegeza mtu na kumtia kizunguzungu, na mchimbaji aliyelegea ndani ya shimo la mita sita hapandi ngazi. Tena mshumaa hauna habari na sumu nyingine: monoksidi ya kaboni huua kwa kiasi kidogo ambacho moto hauhisi kabisa, na hali ni hiyohiyo kwa gesi ya salfa tuliyoizungumzia. Kukiwa na methani, mshumaa wenyewe ndio utakaowasha mlipuko. Ndiyo maana Humphry Davy wa Uingereza aliufunika moto kwa wavu wa waya mwaka 1815 kabla ya kuupeleka migodini.

Hewa ya asubuhi si hewa ya mchana, kwa kuwa usiku usio na upepo hulijaza shimo lililokuwa salama jana. Tafuta kipimo cha gesi, ukiwauliza OVG ni nani anayeweza kuja nacho. Shimo lipulizwe hewa safi kutoka juu wakati wote mtu akiwa ndani. Na anayeshuka afungwe kamba kifuani inayoshikwa na watu wawili. Akianguka, avutwe. Asiingie mtu kumfuata, maana katika mashimo ya namna hii mara nyingi wanaozikwa ni wawili au watatu, na wa pili alikuwa ndugu aliyeruka kumwokoa wa kwanza.

*

*Mimi ni motari wa Ndosho. Fundi akibadilisha buji ya moto yangu, yaani pikipiki, mama yangu naye nyumbani anataka buji ya mezani, na muuza machujio ya maji anauza buji pia. Kuna uhusiano gani?*

Uhusiano ni Wafaransa, ndugu yangu. Katika lugha yao *bougie* ni mshumaa, na jina hilo limetoka kwenye mji wa Béjaïa ulioko pwani ya Algeria, ambao wao waliuita Bougie, na ambao katika zama za kati uliuza nta nyingi Ulaya. Ile ya injini huitwa kwa Kifaransa mshumaa wa kuwashia: hutoa cheche badala ya moto wa kudumu, na petroli ndiyo inayoungua. Ya chujio ni fimbo ya kauri yenye tundu ndani. Haina moto wala nta, ila umbo lake ni la mshumaa, na maji hupita kwenye vitundu vyake vidogo na kuacha uchafu nje.

Familia hiyo ni kubwa kuliko unavyodhani. Kipimo cha kimataifa cha nguvu ya mwanga kinaitwa kandela, yaani mshumaa kwa Kilatini, na kandela moja hukaribia mwanga wa mshumaa mmoja wa kawaida. Ndani ya nyambizi na vyombo vya angani kuna mshumaa wa oksijeni, ambao hutengenezwa kwa chumvi za klorati au perklorati, na ukishawashwa hutoa oksijeni ya kupumua badala ya kuimaliza. Ni mali ya thamani, lakini nayo ina hasira: Februari 1997 mmoja uliwaka vibaya ndani ya kituo cha Mir na kuwajazia wanaanga moshi wakiwa juu ya dunia, mahali ambapo hakuna mlango wa kukimbilia. Ukiulinganisha na ule wa Mama wa Majengo utaona kwamba jina moja limebeba kitu kinachompa mtu pumzi na kitu kinachomnyima.

*

*Je, mishumaa yenye harufu ya mchaichai inafukuza mbu? (Mwanafunzi, Himbi)*

Kidogo sana, na kwa yule tu aliyekaa karibu nayo mahali pasipo upepo. Iwashe kwa sababu unapenda harufu yake, kisha uizime, uingie ndani ya chandarua chenye dawa. Usiingie nayo, maana chandarua kinaweza kushika moto.